Barua Ikikuta Sanduku Limejaa

Barua ikikuta sanduku limejaa, inakwenda wapi?

Niliulizwa swali hilo na mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, amesimama mbele ya kompyuta namba tatu, mkono kiunoni, ananitazama. Sikuwa na jibu. Mimi! Mimi niliyesoma hisabati miaka mitatu chuo kikuu, niliyemwuliza padri wetu maswali mpaka akaacha kupita kwetu, niliyedai ushahidi wa kila kitu. Nikasema, "Sijui, mama." Neno hilo lilinikereketa kwa miaka mingi. Jibu lake nitawapa mwishoni, kwa sababu nami nililipata mwishoni.

Wewe mpwa wangu na wenzako wa klabu ya kompyuta mmeniomba niwaandikie mbinu za barua pepe za zamani. "Mbinu tu, tantine, hadithi usiweke." Haiwezekani, wadogo zangu. Kila mbinu ninayoijua ililetwa kwangu na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa amekasirika.

Kazi yangu ilikuwa siber. Wengi wenu hamjawahi kuingia humo, kwa hiyo niseme: chumba kimoja cha ghorofani juu ya duka la vitenge, karibu na soko la Bujumbura, kompyuta sita, feni moja, na watu wamekaa kwenye ngazi wakisubiri zamu. Vita ilikuwa haijaisha. Chuo kilikuwa kwenye mgomo tena, nami sijui kukaa nyumbani. Nikateremka kutoka kwetu Mutanga Nord kwenda mjini kuomba kazi ya wiki mbili. Nikakaa miaka tisa.

Mwenye siber alikuwa Papa Deo, mzee mfupi aliyefanya kazi ya teleksi, ile mashine ya kutuma maandishi kwa waya, nusu ya maisha yake. Aliziamini mashine kama unavyomwamini mbuzi aliyefungwa na mtu mwingine. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mademoiselle, umeandika barua ya kurasa mbili, ukabofya kutuma, umeme ukakatika. Barua iko wapi?"

Nikajibu kwa kujiamini, "Imeshakwenda."

"Umeiona ikienda?"

"Hapana, lakini..."

"Basi haijakwenda. Mi nilituma teleksi miaka ishirini. Mutu asipojibu, hujatuma."

Nilimpenda papo hapo. Hatimaye nimekutana na mtu anayeshuku kuliko mimi!

Tuanze na kibodi, maana hapo ndipo watu walipolia kwanza. Kibodi zetu zilikuwa za Kifaransa, na ile alama ya mkia inayokaa katikati ya anwani, sisi tuliiita arobase, ilikuwa imejificha kwenye kitufe cha sifuri. Ukibonyeza sifuri peke yake, haitoki. Unashika kwanza Alt Gr, kulia kwa ile fimbo ndefu ya nafasi, ndipo unagusa sifuri. Watu wazima, wenye shahada, walimaliza robo saa wakiitafuta na kuona haya kuuliza. Mimi nilipita nyuma ya viti nikisema kwa sauti, kana kwamba naongea peke yangu, "Arobase iko kwenye sifuri, arobase iko kwenye sifuri." Hiyo ni mbinu ya kwanza, na haihusu kompyuta. Mtu anayeona haya usimfundishe uso kwa uso.

Siku moja akaja mfanyabiashara kutoka Kigoma, mtu wa mikono myepesi, anachapa bila kutazama chini. Akaandika neno lake la siri. Likakataliwa. Mara ya pili, likakataliwa. Akasimama.

"Dada, hapa nimeibiwa! Jana Kigoma limefunguka vizuri. Nimevuka maji tu, sanduku limechukuliwa!"

"Kaka, kaa. Neno lenyewe ni lipi?"

"Neno la siri nikuambie wewe?"

"Usiniambie. Liandike hapa, kwenye ukurasa mweupe, mahali herufi zinaonekana. Mimi nageuka."

Nikageuka. Nikasikia mguno. Kumbe alikuwa ameandika *amani*, lakini vidole vyake vilizoea kibodi ya Kiingereza, ambako A inakaa pale ambapo kwetu inakaa Q, na M inakaa pale ambapo kwetu kuna mkato. Kwenye skrini kulikuwa na *q,qni*. Akaitazama, akanitazama, akawatazama watu wote mle ndani.

"Sasa hii ndiyo amani yenu ya Bujumbura?"

Siber nzima ilicheka mpaka Papa Deo akatoka chumba cha nyuma kuuliza kama vita imeisha. Lakini mbinu ilibaki, na inafaa mpaka leo: neno la siri likikataliwa na una hakika nalo, usilaumu wezi kwanza. Liandike mahali unapoliona. Vitone vyeusi vinaficha makosa yako pia.

Kosa langu kubwa la mwezi wa kwanza lilimpata mchungaji mmoja mnene, mpole. Alitaka kuwaandikia marafiki wa kanisa lake huko ng'ambo, naye akanisomea, mimi nikachapa moja kwa moja ndani ya sanduku. Saa nzima! Mistari mizuri, hata mimi nisiyeamini upesi niliguswa. Nikabofya kutuma. Ukurasa ukageuka, ukaniomba neno la siri upya. Tukaliandika. Barua hakuna. Sanduku lilihesabu kwamba hatujafanya chochote kwa muda mrefu, maana kuchapa tu halikuhesabu kuwa ni kazi, likatufungia mlango na barua mkononi.

Mchungaji alifumba macho. Nikadhani anaomba. Akasema taratibu, "Mutoto wangu, yale ya mwanzo unayakumbuka?"

"Apana, mushungaji."

"Mi pia."

Tangu siku ile sikuchapa tena barua ndani ya sanduku. Papa Deo alinionyesha: andika nje, kwenye ukurasa wa kawaida, bila hata kufungua mtandao, hifadhi, ukimaliza ndipo ufungue sanduku, unakili, ubandike, utume. Dakika tatu za mtandao badala ya saa nzima. Ninyi mnasema siku hizi sanduku linahifadhi rasimu lenyewe. Vizuri. Mmeliona likihifadhi?

Sasa nifike kwenye kwaya.

Kule Gasenyi, pembeni mwa mji, kulikuwa na kwaya ya akina mama, wengine Warundi, wengine waliotoka ng'ambo ya pili ya ziwa, Uvira na kupanda juu, wakimbizi. Kwaya nzima ilikuwa na sanduku moja la barua pepe. Moja! Wao waliliita bwate. Ndugu yako akitaka kukuandikia, anaandika kwa bwate ya kwaya, na kwenye mstari wa kichwa cha barua anaweka jina lako: KWA MAMA FULANI. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Wanawake kumi na wanane wasisomeane barua? Sikuamini, nikafanya uchunguzi. Mnajua kwamba barua isiyofunguliwa inaandikwa kwa herufi nzito, na ikifunguliwa herufi zinakuwa nyembamba. Nilitazama kwa miezi. Barua ya mama aliyekuwa amesafiri ilikaa nzito wiki sita, wenzake wakiipita juu na chini, mpaka mwenyewe akarudi. Hakuna aliyeigusa. Nimefundishwa nadharia nyingi chuoni ambazo hazikunishangaza kama herufi zile.

Mlinzi wa bwate alikuwa Mama Bahati, yule muuza ndagala. Alikuwa akienda Ruziba, nje ya mji, kununua, anakuja kuuza sokoni, na kwa kuwa alikuwa mjini kila wiki, ndiye aliyeachiwa kuilinda. Wenzake walikuja pamoja naye au hawakuja. Neno la siri alilichagua mwanawe, Bahati, ambaye walipotezana siku walipokimbia Uvira: mama alivuka huku, kijana akashuka kwa njia ya ziwa kuelekea kusini mpaka Zambia. Walipatana baada ya muda mrefu kwa njia ya karatasi iliyopita mikono ya watu watano, na kwenye karatasi hiyo kijana alieleza jinsi ya kufungua bwate, na neno la siri, na mstari uliopigwa chini mara mbili: *neno hili likae kwa mama peke yake.*

Alikaa nalo peke yake, isipokuwa kwamba aliniachia mimi pia.

Hapo lazima nikiri desturi yetu, ambayo leo mtu akiwafanyia nyinyi, mkimbieni. Masanduku ya bure ya siku zile yalikuwa na sheria iliyoandikwa kwa herufi ndogo kabisa: usipolifungua siku thelathini, linafungwa, na barua zote zinafutwa. Lakini mtu wa Gasenyi au Ruziba, barabara ikifungwa kwa risasi, anakaa hata miezi miwili bila kuja mjini. Kwa hiyo wateja wetu walituachia maneno yao ya siri, nami nilikuwa na daftari. Kila sanduku, jina lake, na alama ya kila tarehe lilipofunguliwa; mwenyewe akija, anaiweka yeye. Siku thelathini zikikaribia na mwenyewe hajaonekana, nalifungua, nahesabu mpaka tano, nalifunga. Sisomi. Papa Deo aliita kazi hiyo kupiga hodi. "Umepiga hodi?" aliniuliza kila Jumatatu kabla hata ya kunisalimia.

Na kulikuwa na sheria moja niliyoitunga mwenyewe na kujivunia sana. Kurasa za sanduku zilijaa matangazo yanayowakawaka: umeshinda gari, umeshinda safari, bofya hapa. Watu walibofya, kompyuta ikajaa uchafu. Nikaandika karatasi kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani: KINACHOWAKA NYEKUNDU NI UONGO. USIKITAZAME. Nilifundisha kila mteja. Akina mama wa kwaya waliiimba kabisa, sauti nne.

Sasa sikilizeni ilivyotokea.

Bahati aliandika kwamba anahama. Mpaka hapo alikuwa akitumia anwani ya ofisi moja aliyofanya kibarua, nayo inafungwa. *Maman, msiniandikie tena hapa. Nikifika ninakokwenda nitafungua bwate yangu na nitakutumia anwani. Ungoje barua yangu.* Mama Bahati akaniomba nimsomee mara tatu. Alikuwa anajua kusoma, ila alitaka kusikia.

Mnaona hali yenyewe? Kijana hana tena anwani. Mama hawezi kumwandikia popote. Uzi wote wa maisha yao ulikuwa upande mmoja tu: barua yake iingie kwenye bwate ya kwaya.

Wiki ya kwanza haikuja. Ya pili, hakuna. Mama Bahati alikuja na harufu yake ya ndagala na tabasamu, akaketi, akaandika neno la siri polepole, akatazama. Juu ya ukurasa palikuwa na utepe mwekundu, karibu na gari la kushinda na saa ya kushinda.

"Université," ndivyo alivyoniita, kwa chuo kikuu changu, "hii nyekundu ni nini?"

"Uongo, mama. Usiitazame."

"Sawa."

Wiki ya tatu, ya nne. Ya tano alikuja mvua inanyesha, na mstari wa simu ulikuwa mbaya, na watu sita wanasubiri, na mimi nilikuwa nimechoka na kujiona mwenye akili. Akaniuliza kwa nini mtoto haandiki. Nikamjibu kama ninavyojibu swali la mtihani. Nikasema kuna maelezo mengi yanayowezekana, na yaliyo mepesi kuliko yote ni kwamba vijana wakipata maisha mapya husahau.

Akasimama. Hakupandisha sauti.

"We mutoto. Umezaa?"

"Apana, mama."

"Umepoteza mutu?"

Nikainamia daftari.

"Basi soma kwanza hiyo, halafu utanifundisha."

Akafunga kitambaa chake akashuka ngazi, na hakurudi. Wiki ikapita, na nyingine. Kwaya yote ikakosa barua kwa ajili ya ulimi wangu. Makombora ya mizinga yalianza kuanguka juu ya mji katika siku hizo, tukafunga siber kwa muda, tukafungua, na yeye hakuja. Daftari lilinikumbusha, nikapiga hodi kwenye bwate ya kwaya kama kawaida: fungua, moja, mbili, tatu, nne, tano, funga. Utepe mwekundu ulikuwapo. Sikuutazama. Sheria ni yangu mwenyewe!

Kisha mtandao wetu ukadhoofika kabisa. Ukurasa mmoja ulichukua muda wa kuchemsha chai. Papa Deo akanuna siku nzima, halafu akakumbuka jambo alilolisoma mahali.

"Mademoiselle, hizi picha zote tunazihitaji za nini? Barua ni maneno. Zima picha."

Hiyo ni mbinu ambayo wachache waliijua: ndani ya mipangilio ya kivinjari kuna kisanduku cha kuonyesha picha. Ukikiondolea alama, kurasa zinakuja uchi, maneno matupu, na zinakuja mbio! Nilifurahi kama mtoto. Nikajaribu sanduku moja, sekunde chache. Lingine, sekunde chache. Matangazo yote yamepotea, kwa sababu yote yalikuwa picha: hakuna gari, hakuna saa, hakuna safari. Nikafika kwenye bwate ya kwaya.

Nyekundu ilikuwa bado ipo.

Nilitazama bila kuelewa. Picha zimezimwa, na utepe unanitazama. Kwa hiyo si picha. Kwa hiyo si tangazo. Kwa mara ya kwanza niliusoma, kwa Kifaransa safi kabisa: *Sanduku lako limejaa. Huwezi kupokea ujumbe mpya.*

"Papa Deo!"

"Nini? Moto?"

"Njoo uone!"

Akaja na miwani kwenye paji la uso, akaishusha, akasoma. Akasoma tena. Kisha akatazama karatasi yangu ukutani, ile ya kalamu nene. Aliibandua, akaikunja mara nne, akanipa mkononi.

"Nenda Gasenyi."

"Sasa? Kuna watu wanasubiri."

"Nitawaambia arobase iko kwenye sifuri. Nenda."

Nilimkuta Mama Bahati nyuma ya nyumba yake, anageuza ndagala juu ya turubai. Aliniona, akaendelea kugeuza.

"Université. Umekuja kuniambia tena kama mutoto wangu amenisahau?"

"Apana, mama. Nimekuja kukuambia mi ndiye nilikosa. Ile nyekundu haikuwa uongo."

Nikaeleza. Mikono yake ikasimama. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Badala yake aliita majirani kwa sauti ambayo ilivuka nyua tatu, na kesho yake asubuhi ngazi za siber zilijaa kwaya.

Sanduku lile, wadogo zangu, lote zima, lilikuwa na nafasi ya megabaiti mbili. Picha moja ya simu yako leo haiingii humo. Kazi ikawa: nani afutiwe? Mama Bahati alikuwa ameweka mkono juu ya skrini, mahali palipo na jina la mwanawe.

"Barua ya mutoto haitupwe."

"Hatuitupi, mama. Barua za maneno ni nyepesi kama ndagala moja moja. Tunatafuta zile nzito, zile sangala, samaki wakubwa."

Nikapanga barua kwa uzito badala ya tarehe. Jaribuni hata leo: sanduku likijaa, usifute barua mia ndogo, panga kwa ukubwa, ufute tatu. Juu kabisa zikatokea picha nane za harusi zilizotumwa kutoka ng'ambo kwa mwimbaji mmoja mwenye sauti ya kwanza, Mama Claudine. Picha hizo peke yake zilikuwa zimekula karibu bwate yote. Kila mtu akamgeukia.

"Jamani, mi nilijuaje? Futa! Nimeshaziona. Na ile gauni haikumukaa."

Nikafuta. Utepe ukabaki mwekundu! Kwa sababu, na hili hata wenye ofisi hawakulijua, barua iliyofutwa inakwenda kwenye pipa, na pipa limo ndani ya sanduku hilohilo, linahesabiwa. Nikamwaga pipa. Utepe ukabaki. Zile ulizotuma nazo zinahesabiwa. Zina kabati lao, na nakala ya kila barua inakaa humo kimya. Nikaliondoa kabati zima baada ya kuhifadhi kwenye disketi. Nikafungua ukurasa upya.

Nyekundu imeondoka. Kwaya ikapiga vigelegele mpaka wauza vitenge wa chini wakapanda kuona bibi harusi.

Na hapo ndipo Mama Bahati, katikati ya vigelegele, akaweka mkono kiunoni, akaniuliza lile swali.

"Ngoja kwanza. Zile barua zilikuja zikakuta bwate imejaa. Zilienda wapi?"

"Sijui, mama."

"Zimekufa?"

"Sijui."

"Na Bahati, anajua kama hazikufika?"

"Kwa kweli sijui."

Akatikisa kichwa polepole. "Sawa. Leo umenijibu vizuri kuliko siku ile."

Baada ya hapo alikuja kila siku. Siku ya kwanza, bwate tupu. Ya pili, tupu. Alhamisi alikuja mapema kabla ya watu, akaketi kwenye namba tatu, na mimi nilisimama nyuma yake. Ukurasa ukafunguka. Mstari mmoja, herufi nzito:

KWA MAMA BAHATI (14)

Hakuifungua. Aligusa skrini kwa kidole chenye magamba ya samaki. "Soma we."

Nikasoma. Anwani mpya ilikuwamo, mstari wa kwanza kabisa, imeandikwa mara mbili. Ilikuwamo namba ya simu ya duka la jirani. Ilikuwamo habari kwamba anafundisha, kwamba amesikia kwenye redio makombora yanaanguka Bujumbura, kwamba mama asiende Ruziba mpaka barabara itulie. Mama Bahati alikuwa akilia na kucheka na kunipiga pigapiga mkononi kwa wakati mmoja. Papa Deo alitoka chumba cha nyuma, akaona, akasema, "Voilà. Mutu amejibu, basi umetuma," akarudi ndani upesi kwa sababu miwani yake ilikuwa imelowa.

"Hiyo kumi na ine ni ya nini?" mama aliniuliza wakati anafunga kitambaa.

Sikujua hilo pia.

Miaka ikapita. Amani ikaja, simu zikaja, siber zikafungwa moja baada ya nyingine. Yetu ilikuwa karibu ya mwisho. Papa Deo ametutoka. Karatasi ile iliyokunjwa mara nne ninayo hadi leo, na daftari ninalo.

Mwaka mmoja, sherehe ya familia ya Mama Bahati ilimleta Bahati nyumbani, mtu mzima sasa, mwalimu mwenye mvi pembeni. Mama yake alimleta kwangu Mutanga Nord anisalimie. Tulipokwisha kula nikamwuliza bila kuzunguka: kumi na nne ilikuwa nini?

Akacheka. Ilikuwa barua ya kumi na nne. Alituma moja kila Jumatano, na kumi na tatu za kwanza zilirudi. Ndiyo, wadogo zangu: barua ikikuta sanduku limejaa, haifi na haipotei. Inarudishwa kwa aliyeiandika, ikiwa na mistari michache ya Kiingereza inayosema kwa nini.

"Na hukukata tamaa?" nikamwuliza. "Wiki kumi na tatu, na mizinga kwenye redio?"

"Nikate tamaa ya nini?" Alisogeza sahani, akaanza kunieleza kama anayefundisha darasa. "Zingekuwa zinasema hakuna sanduku kama hilo, ningelia. Zilikuwa zinasema sanduku limejaa. Mi nilijua ile sheria ya siku thelathini, rafiki yangu alipoteza lake hivyo. Sanduku lisilofunguliwa lingekuwa limefutwa zamani. Hili liko, tena miezi mitatu. Kwa hiyo kuna mutu analifungua. Na neno la siri nilimupa mama peke yake. Kila barua iliyorudi, dada, ilikuwa inaniambia mama iko hai."

Hoja safi. Sikuona ufa wowote ndani yake. Mama Bahati alikuwa anatazama kikombe chake cha chai.

Walipoondoka nilitoa daftari kabatini. Kwaya, Gasenyi. Wiki tano za kwanza, alama za Mama Bahati. Wiki zote zilizofuata, mpaka siku ile niliyozima picha, yeye hakuligusa sanduku hata mara moja. Kuna alama mbili tu, za kupiga hodi, na zote mbili ni za mkono wangu.